Kamba, kibali na kufuli: historia ya usalama wa mafundi wa pampu mjini Doha

Makala haya yanaelekea Doha, mji mkuu wa Qatar, kuangazia kazi ambayo wakazi wa mji huo huitegemea kila siku ingawa ni wachache wanaoifikiria: kazi ya kufunga, kuendesha na kutengeneza pampu, pamoja na namna watu walivyojifunza, mara nyingi kwa gharama ya roho, kuifanya kwa usalama.

Katikati ya Doha kuna mtaa uitwao Msheireb. Jina hilo linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunywa, na mzizi wake ndio huo huo wa neno sharubati ambalo Waswahili hulitumia kila Ramadhani. Ni mahali ambapo zamani watu walikuja kuteka maji. Leo hii ndipo zinapokutana njia za treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 2019, na chini ya sakafu za majengo yake marefu kuna vyumba vilivyojaa pampu: pampu za maji ya kunywa, za maji baridi ya kupoza hewa, za kuzimia moto, za majitaka, na za kuyatoa maji ya ardhini ili yasidhuru misingi.

Qatar haina hata mto mmoja. Wastani wa mvua ya mwaka mzima haufiki milimita 100, na ardhi yake ni tambarare. Mkazi wa Mombasa anaweza kujivunia kwamba maji ya chemchemi ya Mzima huteremka kuelekea pwani kwa nguvu ya mteremko, na yamekuwa yakifanya hivyo tangu miaka ya 1950. Doha haikujaaliwa hivyo. Maji yake ya kunywa karibu yote ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na hayatoki baharini, hayaendi kwenye tangi wala hayapandi ghorofani bila ya kusukumwa na mashine. Inafaa kuashiria hapa kwamba neno letu la kale, bomba, tulilipata kwa Wareno, na kwao bomba ndiyo pampu yenyewe. Merikebu zao zilikuwa na bomba za kutolea maji yaliyoingia ndani. Ni baadaye ambapo sisi tulilibakisha neno hilo zaidi kwa ajili ya mfereji, na pampu ikaja na jina la Kiingereza.

Kabla ya mashine hizo, Doha iliishi kwa lulu. Katika miezi ya joto majahazi yaliondoka bandarini na kukaa baharini kwa muda mrefu. Mpiga mbizi alijifunga jiwe mguuni, akabana pua kwa kibanio na kuzama kwa pumzi moja. Juu, ubavuni mwa jahazi, alisimama mtu mwingine aliyeitwa saib kwa Kiarabu cha Ghuba, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kushika kamba. Mzamiaji alipoivuta, saib alimpandisha. Saib hakuwa na ruhusa ya kushughulika na jambo jingine wakati mwenzake yuko chini, kwani kupitiwa kwa muda mfupi kulitosha kumwua mzamiaji. Baadhi ya wazamiaji hao na wavuta kamba hao walikuwa Waafrika, watumwa au wana wa watumwa, na miongoni mwao walikuwemo waliotolewa katika pwani ya Afrika Mashariki. Pale Msheireb ipo nyumba ya makumbusho iitwayo Bin Jelmood, iliyofunguliwa mwaka 2015, inayosimulia historia hiyo bila ya kuificha.

Biashara ya lulu ilianguka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, lulu za kufugwa za Japani zilipoingia sokoni na mdororo wa uchumi ukaikumba dunia. Mafuta yalikwisha kugunduliwa Dukhan, katika pwani ya magharibi ya Qatar, pale Vita Vikuu vya Pili vilipoisimamisha kazi, na visima vikazibwa mwaka 1942. Baada ya vita kazi ilianza upya. Bomba lililazwa kukata nchi kutoka magharibi hadi mashariki, na tarehe 31 Desemba mwaka 1949 meli ya kwanza iliondoka na mafuta katika bandari ya Umm Said, ambayo siku hizi huitwa Mesaieed, kusini mwa Doha. Miongoni mwa vibarua wa kampuni ya mafuta walikuwemo watumwa, na sehemu ya mshahara wao ilikwenda kwa mabwana zao. Utumwa ulipigwa marufuku rasmi nchini Qatar mwaka 1952. Kwa maneno mengine, kwa muda wa miaka michache kulikuwa na watu wa asili ya Afrika waliofanya kazi kwenye mitambo ya kisasa kabisa ya zama zao, ilhali kwa mujibu wa desturi miili yao ilikuwa mali ya mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo hakuwa na njia ya kukataa kazi ya hatari.

Hata katika nchi zilizozivumbua mashine hizo, mfanyakazi hakulindwa na sheria mpaka baada ya misiba. Mfano ulio bayana zaidi ni wa mgodi wa makaa ya mawe wa Hartley, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mgodi ule ulikuwa na shimo moja tu la kuingilia na kutokea, na juu ya shimo hilo ilisimama pampu kubwa ya mvuke ya kutolea maji. Tarehe 16 Januari mwaka 1862 mhimili wa chuma wa pampu hiyo ulikatika, na kipande chenye uzito wa tani zipatazo 20 kikaporomoka shimoni, kikabomoa kuta na kuifunga njia ile ya pekee. Watu wazima na watoto 204 walikufa, wengi wao si kwa kupondwa bali kwa hewa mbaya walipokuwa wakisubiri kuokolewa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwamba kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea. Wachimbaji walikuwa wakilidai jambo hilo kwa muda mrefu kabla ya msiba.

Msiba wa pili uko karibu zaidi na zama zetu, na kila fundi anayefanya kazi katika viwanda vya gesi vya Qatar, awe analijua jina lake au halijui, anaishi chini ya kivuli chake. Ni ule wa jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Jukwaa hilo lilikuwa na pampu mbili za kusukumia gesi iliyogeuka kuwa majimaji, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa akiba. Tarehe 6 Julai mwaka 1988, mchana, pampu ya akiba ilisimamishwa kwa matengenezo, na vali yake ya usalama ikafunguliwa na kuondolewa ili ikapimwe. Kazi ya vali haikumalizika hadi jioni. Mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko cha chuma cha muda ambacho hakikukazwa kwa nguvu ya kuhimili shinikizo. Karatasi ya kibali iliyosema kwamba vali haipo ilirudishwa ofisini, lakini habari yenyewe haikuwafikia watu wa zamu ya usiku.

Muda mfupi kabla ya saa nne za usiku pampu iliyokuwa ikifanya kazi ilizimika, ikagoma kuwaka. Bila ya pampu, jukwaa zima lingezimika umeme. Watu wa zamu walitafuta vibali. Walikiona kile cha matengenezo ya pampu ya akiba, kazi ambayo ilikuwa bado haijaanza, wakaona kwamba inaweza kurudishwa kazini. Hawakukiona kile cha vali, kilichokuwa kimewekwa mahali pengine. Pampu ikawashwa. Gesi ikavuja penye kifuniko, ikalipuka, na katika muda wa saa chache jukwaa likaungua na sehemu kubwa yake kuzama. Watu 167 walifariki dunia, wawili kati yao wakiwa waokoaji.

Kuna jambo jingine katika mkasa ule lisilosimuliwa mara nyingi. Pampu za kuzimia moto hazikujiwasha, kwa sababu zilikuwa zimewekwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono. Nia ilikuwa njema: palikuwa na wapiga mbizi majini, na pampu ile ingeweza kuwafyonza kwenye mdomo wake. Ila kanuni iliyowekwa kumlinda mzamiaji iliachwa itawale hata pale ambapo mzamiaji hakuwa karibu na mdomo huo, na moto ulipozuka hapakuwa na mtu aliyeweza kuifikia swichi. Uchunguzi ulioongozwa na jaji wa Scotland, Lord Cullen, ulichapishwa mwaka 1990 ukiwa na mapendekezo 106, na utaratibu wa vibali vya kazi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopewa uzito.

Tarehe hizo zina maana kwa Qatar. Hifadhi kubwa ya gesi iliyo chini ya bahari kaskazini mwa nchi hiyo ilianza kuzalisha mwaka 1991, na shehena ya kwanza ya gesi iliyogandishwa kuwa majimaji iliondoka Ras Laffan mwishoni mwa mwaka 1996. Viwanda hivyo basi vilijengwa na wahandisi ambao ripoti ya Cullen ilikuwa bado mbichi mikononi mwao. Aidha Qatar yenyewe ilikuwa na kumbukumbu yake: tarehe 3 Aprili mwaka 1977 tangi kubwa la propani iliyopozwa lilipasuka Umm Said, gesi ikashika moto na kuua watu kadhaa na kuharibu kiwanda.

Je, ni nini hasa kilichobadilika katika kazi ya kila siku? Kwa mtazamaji wa kawaida ni vitu viwili vidogo, karatasi na kufuli. Kabla fundi hajagusa pampu, hupewa kibali kinachotaja pampu ipi, kazi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani anayewajibika. Kisha umeme hukatwa, na swichi yake hufungwa kwa kufuli la fundi mwenyewe pamoja na kibandiko chenye jina lake. Ufunguo hukaa mfukoni mwake, na wakiwa mafundi watano huwa na kufuli tano. Baada ya hapo hujaribu kuiwasha mashine, kwa makusudi, ili ahakikishe kwamba haiwaki. Lakini umeme si nguvu pekee iliyomo. Bomba lililofungwa pande zote mbili huweza kubaki na shinikizo kwa siku nyingi baada ya pampu kuzimwa, na mtu anayelegeza boliti za flanji bila ya kulitoa shinikizo hilo kwanza huweza kupigwa usoni na maji ya moto au tindikali. Pampu iliyoachwa ikizunguka huku vali za kuingizia na kutolea zimefungwa huchemsha kilichomo ndani yake mpaka ganda la chuma lipasuke. Na kingio la mhimili, lile pazia la bati ambalo mafundi wenye haraka huliondoa na kuliegemeza ukutani, lipo kwa sababu mhimili hushika kitambaa cha mkono wa shati na kuuvuta mkono wenyewe.

Msemaji wa Kiswahili anayefika Doha ana bahati moja isiyotarajiwa. Mabango ya viwandani huandikwa zaidi kwa Kiarabu na Kiingereza, na huenda asiweze kuyasoma herufi zake. Lakini akitamkiwa, atasikia khatar, na atajua kuwa ni hatari. Atasikia salama. Atasikia qufl, naye tangu utotoni amefunga sanduku kwa kufuli. Kibali huitwa rukhsa, yaani ruhusa. Maneno yote hayo yalivuka bahari kwenda pwani yetu karne nyingi zilizopita na leo yanamngoja huko yalikotoka.

Hata hivyo, si katika viwanda vya gesi ambako watu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania huajiriwa, bali zaidi katika ulinzi, usafi, udereva na ujenzi, na ujenzi wa Doha ni kazi ya pampu kuanzia siku ya kwanza. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso, nayo yamekuwa yakipanda kadiri mji ulivyopanuka, kutokana na mabomba yanayovuja na bustani zinazomwagiliwa. Chimba msingi wa ghorofa na shimo litajaa. Hivyo pampu hufanya kazi usiku na mchana kandokando ya mashimo, zikiwa zimeunganishwa na nyaya zinazopita juu ya matope na maji ya chumvi. Waya uliochubuka katika hali kama hiyo humuua mtu kimya kimya. Ndiyo maana panatakiwa swichi inayokata umeme mara tu unapovuja, na ndiyo maana pampu ya kuzamishwa haivutwi kwa waya wake wa umeme bali kwa mnyororo au kamba. Mvua nayo ikija huja kwa ghafla. Mwezi Novemba mwaka 2015, na tena Oktoba mwaka 2018, barabara za Doha zilifurika katika muda wa saa chache, na pampu za dharura zikawa zinafungwa kwa pupa, jambo ambalo ni adui wa kila kanuni iliyotajwa hapa.

Lakini mahali panapoua zaidi bila ya kutisha ni chemba ya majitaka. Pampu ya majitaka ikiziba, mtu hushuka kuizibua. Humo huweza kuwamo haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Ujanja wake ni kwamba ikizidi kiasi cha sehemu 100 katika milioni, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani kwamba imekwisha. Ikizidi mara kadhaa ya hapo, humwangusha baada ya pumzi chache tu. Huko kwetu visimani huja kwa sura nyingine: pampu ya petroli huteremshwa ndani ya kisima ili iwe karibu na maji, nayo hukijaza kwa moshi wenye kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu kabisa. Anayeshuka kuizima harudi. Ndugu yake humfuata, kisha jirani. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari iliyoeleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu kama hayo walikuwa ni wale walioingia kuokoa. Huruma ndiyo iliyowaua, pamoja na kutokujua.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari za kazi yake na njia za kujikinga nazo, na haimruhusu kukata gharama za kinga hiyo katika mshahara. Mwaka 2007 ulitolewa uamuzi wa kusimamisha kazi za nje saa za mchana wakati wa kiangazi. Uamuzi mwingine, namba 17 wa mwaka 2021, uliupanua muda huo uwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na ukaamuru kazi isimame wakati wowote pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kinapozidi nyuzi 32.1. Vilevile ulimpa mfanyakazi haki ya kuacha kazi pale anapoamini kwa sababu za msingi kwamba joto linahatarisha afya yake. Kwa fundi wa pampu joto si suala la jasho pekee, kwa kuwa mtu aliyezidiwa na joto husahau, na anachokisahau huweza kuwa ni vali ipi aliyoifunga.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambalo lilifungua ofisi Doha mwaka 2018, lilichapisha Novemba mwaka 2021 hesabu za ajali kazini nchini Qatar kwa mwaka 2020: vifo 50, majeruhi mahututi zaidi ya 500, na wenye majeraha madogo na ya wastani wapatao 37,600. Kuanguka kutoka juu na ajali za barabarani ndizo zilizoongoza. Ripoti hiyo yenyewe ilikiri kwamba ukusanyaji wa takwimu una mapengo, na kwamba baadhi ya vifo vya vijana waliokuwa na afya njema havikuwa vimechunguzwa vya kutosha kujua kama vilisababishwa na kazi. Mashirika ya haki za binadamu yalilisema jambo hilo kwa ukali zaidi kabla na baada ya Kombe la Dunia la mwaka 2022.

Ugumu wa haki ya kukataa haumo katika maandishi yake. Kijana aliyeacha deni la wakala nyumbani, ambaye hadi mwaka 2020 hakuweza kubadili kazi bila ya idhini ya mwajiri wake, hupima mambo mengi kabla ya kumwambia msimamizi kwamba hashuki. Mwaka huo sheria ilibadilishwa na sharti hilo likaondolewa. Deni la wakala halikuondolewa na sheria yoyote ya Doha.

Pale kanuni zinapofuatwa, kazi ya chemba huonekana hivi. Kifuniko huondolewa, na upepo safi husukumwa ndani kwa feni. Kipimo cha gesi huteremshwa kwa uzi mpaka chini na kusomwa, kabla ya mtu yeyote kuingiza kichwa. Pampu imekwishafungwa kufuli. Juu ya shimo husimamishwa miguu mitatu ya chuma yenye winchi, na fundi hushuka akiwa amevaa mkanda uliofungwa kwenye kamba yake. Ukingoni hubaki mtu mmoja asiyeruhusiwa kuondoka, wala kushika simu, wala kushuka hata mwenzake akianguka. Kazi yake ni kuangalia, kuita msaada, na kuzungusha winchi mpaka mwenzake atoke. Katika vibali huitwa mlinzi wa shimo. Wavua lulu wa Doha walimwita saib.